Picha ya Nne

Seremala aliingia na vumbi la mbao kichwani na penseli sikioni, akaiweka simu mezani kama mzazi anayemkabidhi daktari mtoto mgonjwa.

"Isome," alimwambia fundi wa kompyuta. "Mimi nimeisoma mara kumi, sijaona kosa langu."

Fundi alisoma. Soko la mtandaoni lilikuwa limetoa onyo jekundu: picha za tangazo lake zinatoka kwenye kiungo kisicho salama, na zisipohamishwa, tangazo litafichwa leo Ijumaa saa sita mchana. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Si salama kivipi? Ni picha za meza. Meza itamdhuru nani?"

Fundi alikuwa mwanamke wa maneno mengi na subira kidogo, lakini alimweleza. Picha zilihifadhiwa kwenye tovuti ya zamani ya karakana, na njia yake haina kufuli. Mtu mbaya anaweza kuzibadilisha zikiwa njiani, na soko halitaki lawama. Dawa yake ni ndogo tu: apige picha mpya kwa simu hiyo hiyo, azipandishe sokoni moja kwa moja, kwisha.

"Mpya hapana. Hizi hizi."

"Basi tufute tangazo, tuandike jingine."

"Hili hili. Wala usiguse hata neno. Niliwahi kuongeza sentensi moja, nikajuta miezi miwili."

Fundi aliwaza kwamba wateja nao wana visirani vyao. Akauliza ni nani aliyeziweka picha hizo. Binti yangu, seremala alisema. Basi ampigie, kazi iishe kwa dakika mbili. Hapokei, alisema, akaanza kukwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha. Fundi alicheka, akasema watoto wa siku hizi simu hazibanduki mkononi, ila mzazi akipiga tu, chaji imekwisha. Seremala hakucheka.

Picha zilikuwa nne. Tatu za kwanza zilishuka bila taabu: meza ya kusomea kwa mbele, kwa ubavu, na droo ikiwa wazi. Ya nne ilifika nusu ikakatika. Alipojaribu tena, ikakatika tena. Ikawa saa tano na robo.

Fundi aliitazama ile nusu iliyoonekana. Ilikuwa sehemu ya chini ya droo, mbao imekwaruzwa kwa msumari, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto. "Mzee, hii tuiache. Inaonyesha ubovu tu. Tatu zinatosha kuuza."

"Heri uziache hizo tatu."

Simu ikaita. Mtu aliitaka meza kwa bei ile ile iliyoandikwa, na gari la kuibeba analo. Fundi alisikia kila neno, akamfurahia mzee wa watu.

"Ilishachukuliwa," seremala alisema, akakata.

Fundi aliondoa mikono kwenye kibodi. "Ilichukuliwa lini?"

"Miaka mitatu sasa. Wiki ile ile ya tangazo."

"Na bado unaitangaza." Sauti yake ilikuwa imepoa. Aliwahi kumsaidia tapeli bila kujua, na ofisi yake ikafungwa mwezi mzima. Alimsogezea simu yake. "Mzee, tafuta mtu mwingine."

Seremala alikwenda mpaka mlangoni, akatazama nje, akarudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wa mtu huyu ulikuwa mgumu tangu ujana. Karakanani walimwita Chuma, na si kwa kumsifu. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya fundi.

"Nakuomba, mwanangu," alisema. Neno lilitoka kwa shida, kama msumari wenye kutu. "Nakuomba. Nilipaswa kujifunza kusema hivi zamani."

Fundi akarudisha mikono kwenye kibodi.  Aliwasha intaneti ya simu yake mwenyewe, akajaribu mara ya tatu, na ya nne. Mara ya tano picha ilishuka nzima, zikiwa zimebaki dakika tisa. Akazipandisha zote nne, na onyo jekundu likafutika.

"Ila hesabu ya watazamaji inaanza upya, kila picha sifuri," alisema. "Ngoja nizifungue nihakikishe."

"Fungua zile tatu. Ya nne usiifungue."

"Ina nini hiyo?"

"Usiifungue tu."

Nyumbani, mkewe alikuwa akimngoja mlangoni. Alimsoma usoni, akamwekea chai, akaingia jikoni. Seremala alikaa na simu gotini. Ilipofika saa saba, picha ya kwanza ilikuwa na watazamaji kumi na mmoja, ya pili watano, ya tatu wanne. Ya nne, sifuri. Haikumshangaza, maana hakuna mnunuzi anayehangaika na chini ya droo.

Saa saba na nusu ikapita, na tangu binti yao aondoke, kila Ijumaa haikuwa inapita kabla mtu mmoja hajaifungua hiyo ya nne. Chai ilipoa. Aliikumbuka ile miezi miwili ya sifuri baada ya sentensi aliyoongeza, jinsi mkewe alivyokonda. Jikoni hakukuwa na mlio wa chombo hata kimoja.

Saa nane kasorobo, sifuri ikageuka moja.

Aliinuka akaenda mpaka mlango wa jikoni. Mkewe alikuwa amesimama akimpa mgongo, ameshika ukingo wa meza, haogopi kitu duniani kama kugeuka.

"Mama yake," alimwambia. "Mtoto yuko hai."