Jani la Mgomba

Shomvi, fundi wa kujenga, alisimama mlangoni mwa wodi akimtazama mwanamume mwingine akimgeuza Siwema, mkewe Shomvi, kitandani. Muuguzi Hamdani alimlaza Siwema taratibu juu ya jani bichi la mgomba, maana shuka ilimchubua. Siwema hakulia. Jana Shomvi alimshika mkono tu, ngozi ikambandukia kiganjani kama ganda la kitunguu, Siwema akapiga yowe.

"Mbona akikushika huyu hulii?"

"Ana mkono mwepesi, Baba Rukia."

"Wangu una miba?"

Hamdani akadakia. "Kaka, wewe si fundi? Seli za ngozi hushikamanishwa na protini, kama saruji inavyoshika matofali. Kinga ya mwili wake imegeuka, inaitafuna saruji hiyo. Dawa ndiyo kwanza tumeanza. Ukuta mbichi unauegemea?"

"Siuegemei."

"Basi!"

Siwema akacheka, midomo yake yenye vidonda ikitetemeka. "Leo umepata wa kukunyamazisha."

Kicheko kile kilimchoma Shomvi kuliko yote. Miezi miwili hakuwa amekisikia, na leo amekileta mtu mwingine. Akatoka hadi kwenye jiwe la kufulia uani, akazisugua juu yake sugu za viganja vyake mpaka vikalainika na kuwa vyekundu, kisha akavipaka mafuta ya nazi.

Ilipofika saa ya kumgeuza tena, alimpokonya Hamdani jani jipya, akalitandika mwenyewe. Akainyoosha mikono hadi karibu na bega la mkewe, akaizuia hapo hapo.

Siwema aliitazama mikono ile, akavuta pumzi. "Haya, Baba Rukia. Taratibu."