Kaa na Mlango wa Mikoko

Ghuba moja ilikuwa na majirani watatu. Kaa, mbishi kupindukia, aliishi kwenye mikoko, samaki walikotaga. Pweza aliishi mwambani, walikokulia. Korongo alivua kwenye maji madogo, walikonenepea.

Korongo akasema, "Majirani, tufanye kikao tukubaliane kiasi cha kula. Samaki ni wale wale."

"Wanazaliwa kwangu," Kaa akajibu. "Ni wangu."

Akaenda akaziba kwa tope mlango wa mkondo utokao mikokoni, vifaranga vya samaki visitoke. Akala akashiba, akawacheka wenzake walivyokonda.

Lakini samaki wakubwa walipokuja kutaga walikuta ukuta, wakageuka wakaenda zao. Vifaranga vya ndani vilipokwisha, Kaa akabaki akitafuna majani makavu. Aibu ilimkaba, ila njaa ilimzidi. Akabomoa ukuta, akamfuata Korongo.

"Ndugu yangu, kile kikao bado kipo?"

"Kipo. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Wakakubaliana kula kidogo hadi samaki warudi, na Kaa akakabidhiwa kazi ya kuhakikisha mlango hauzibwi tena. Akaifanya kwa ukali mno. Hata Pweza alipokuja kumsalimu, alisimamishwa na kuulizwa hayo matope mikononi anayapeleka wapi.