Gitaa Lililolia Kama Mtungi

Theonest hakugusa nyuzi. Aligonga mgongo wa gitaa kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, vilevile anavyogonga paa la mgodi wa Geita kila asubuhi kabla wenzake hawajaingia.

Mwamba usio na ufa hujibu kwa sauti ngumu. Mwamba ukilia kama mtungi mtupu, hakuna kuulizana, ni kukimbia.

"Nipe hili, mzee," alimwambia muuza santuri, ambaye dukani mwake palikuwa na magitaa mawili tu. Gitaa alilolichagua lilikuwa zito, la mbao nene. Lile jingine, jepesi, lenye ufa uliozibwa kwa gundi, alipoligonga lilikuwa limelia kama mtungi mtupu hata akaruka nyuma.

Mzee akacheka. "Bei ni moja, kijana. Lakini wewe umebisha hodi tu, hujasikia wenyeji."

Akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi za lile zito. Sauti ikatoka, ikafa palepale. Akapiga lile jepesi.

Duka zima likajaa.

Theonest akasogea, akakinga kichwa kwa mkono mmoja, akaweka sikio kwenye tundu la gitaa, akagonga tena taratibu. Mlio ulikuwa uleule, ule aliousikia kabla mwamba haujamwangukia kaka yake. Safari hii ulikuwa unaimba.

"Basi naomba hili," akasema, mkono mmoja ukiwa bado umekinga kichwa.