Sentensi ya Jumamosi

Ngumi ya kwanza aliipokea mbavuni, upande wa kushoto, akaanguka kama alivyozoea: bega kwanza, kisha nyonga, kichwa juu. Sakafu ya stoo ya mapazia ya ukumbi wa maonyesho ilikuwa ya saruji. Vumbi likatimka.

"Inuka, staa!" alisema kaka mkubwa. Alikuwa mchinjaji, na mikono yake ilikuwa mikono ya kazi hiyo. "Kwenye sinema huwa unainuka."

Mzee akainuka. Kofia ile inayojulikana na kila mtu ilikuwa imebingirika hadi chini ya kiti cha enzi cha mbao. Akaifuata, akaivaa, akaishusha mpaka kwenye nyusi. Kaka mdogo akacheka, halafu akampiga teke gotini.

Kwa kupigwa, huyu bwana hakuwa na mpinzani. Miaka thelathini na nne, jukwaani na mbele ya kamera, alikuwa ametupwa kutoka ghorofani, ameburutwa na farasi, amechomwa visu mara zisizohesabika. Kidole hiki kilivunjika katika filamu ya vita. Kovu lile la mgongoni lilitoka kwenye tamthilia ya mfalme, siku kioo kilipokataa kuvunjika kwa adabu. Watu walipiga makofi, yeye akaenda kushonwa.

Lakini leo hapakuwa na maigizo. Ndugu hawa wawili walikuwa na dada yao, mcheza dansi wa ukumbi huu huu. Aliahidiwa ndoa, akapata mimba, kisha akatolewa getini na mlinzi kama mwizi. Kaka zake wakatuma ujumbe: staa aje stoo peke yake, saa nane mchana, la sivyo Jumamosi watapanda jukwaani wampige mbele ya watu.

Na Jumamosi haikuwa ya kuchezewa. Lilikuwa onyesho la kuadhimisha miaka yote ile, na yeye ndiye angesema sentensi ya mwisho kabla pazia halijafungwa: "Fungueni mlango. Ni mimi." Maneno manne tu. Alikuwa ameyasema bafuni, njiani na kitandani, hadi mkewe akamwambia mlango uko wazi, alale. Maishani mwake hakuwahi kuitaka sentensi yoyote kama alivyoitaka hiyo.

Kwa hiyo mbavu aliwaachia. Mgongo aliwaachia. Mdomo ndio alioulinda kwa mikono miwili, kidevu amekiinamisha kifuani wasije wakamshika ndevu.

Mchinjaji akaokota mguu wa meza. Pigo la pili likavunja ubavu. Mzee aliusikia mwenyewe ukikatika. La tatu likampasua juu ya jicho, damu ikamwingia machoni, stoo nzima ikawa nyekundu.

Dada yao alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni, ametazama pembeni tangu mwanzo.

"Mwombe msamaha," alisema mchinjaji. "Kwa ile sauti yako ya kunguruma. Tuisikie."

Mzee akazidi kuufunika mdomo.

"Ana kiburi huyu," alisema kaka mdogo.

"Sema!"

Mzee akatikisa kichwa. Mchinjaji akampa mdogo wake ishara, na mikono ya mzee ikabanduliwa usoni, ikakunjwa mgongoni.

"Kama husemi, mdomo huo unautunzia nini?"

Mguu wa meza ukatua mdomoni.

Meno mawili ya mbele yakadondoka kwenye saruji. Mzee akayatazama. Alipokuwa akivunjwa mbavu hakulia, lakini sasa machozi yalimtoka, na hakuyazuia. Hakikubaki tena cha kutunza.

"Nisamehe, dada," akasema, kwa sauti ndogo iliyokwaruza.

Yule binti akageuka ghafla. Akaja, akachuchumaa, akaiinua kofia kidogo. Alimtazama macho, akamtazama masikio, akakishika kiganja chake na kukigeuza. Kilikuwa kigumu, kimejaa makovu. Binti akakiachia taratibu.

"Mwacheni," akawaambia kaka zake. "Twendeni."

"Hata mate humtemei?"

"Huyu? Hapana."

Akamwekea leso yake mkononi, akatangulia kutoka.

Mzee akajikokota kwenye korido, ameegemea ukuta. Katikati ya njia akasimama, akajaribu. "Hungueni mlango." Akajaribu tena. Ile herufi ya kwanza ilipita penye pengo ikatoka upepo mtupu.

Nyuma ya ukumbi gari jeusi lilikuwa likimngoja, injini inawaka. Kioo cha nyuma kikashuka. Ndani kulikuwa na kofia kama yake, suti kama yake, na ndevu nyeupe ambazo hazikubandikwa kwa gundi.

"Pole sana, ndugu yangu," ilisema sauti inayojulikana nchi nzima. "Wamekupiga wapi? Nionyeshe vizuri, nijue mguu gani wa kuchechemea."

Akamwonyesha goti. Akamwonyesha mbavu, na jicho. Halafu akafungua mdomo.

"Loo! Meno tena?" Staa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaanza kupandisha kioo. "Basi usihangaike. Ile sentensi niliyokuahidi, Jumamosi nitaisema mwenyewe."