Mdoe Anataka Nyumbani

Walimkuta Mdoe kwenye njia ya Segera, ameketi juu ya sanduku lake la bati, analia kwa kwikwi. Alikuwa ametoroka shule ya bweni ya Korogwe kabla ya uji, na kwa uji ule hakuna aliyemlaumu.

Mwalimu Kasmiri aliinua fimbo, akamtazama, akaishusha. Wengine kwa kosa hilo walichapwa mpaka wakasahau kwao ni wapi.

"Ukitoroka tena usirudi," alisema. "Na cheo cha ujumbe wa Kang'ata ukoo wenu ukisahau."

Hapo ndipo palipouma. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya ya Handeni, alikuwa ametangaza kwamba hataki tena jumbe, mkuu wa kijiji, asiyejua kusoma. Kila ukoo ulete mtu wake shuleni. Ndivyo Mdoe alivyoletwa, na tangu aletwe machozi hayakukauka.

Mhina, kiranja wa bweni, alitoka nyumba moja na Mdoe, basi akakabidhiwa kumtunza. Akamfundisha yote: uji unywewe macho yamefumbwa, usije ukaonana na wadudu; kilio kikikukaba wakati wa sala, imba kwa nguvu mpaka mwalimu adhani umeongoka. Matayo, mwanafunzi mwenzao, alipomwiga Mdoe akilia chooni, Mhina alimtwanga ngumi ya pua.

"Hata mimi nililia," Mhina alimwambia Mdoe. "Kunazoeleka."

"Lini?"

"Ukianza kucheza mpira."

Mdoe akaingia uwanjani. Alikimbia kama mbuzi aliyekata kamba, akafunga bao kwenye goli la timu yake mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini. Jioni hiyo alimaliza ugali na kuulizia mwingine. Mhina akashusha pumzi.

Jumapili akaja Stefania kutoka Kang'ata, kichwani kikapu cha kuku na mihogo ya kuchoma. Mdoe alipomwona tu, kazi yote ikaharibika. Alimng'ang'ania upindo wa kanga mbele ya shule nzima, akaomba waondoke pamoja.

"Hapana," alisema Stefania. Akajinasua taratibu, akamvuta Mhina pembeni.

"Anakula?"

"Anakula, mama. Ila aibu naiona mimi."

"Mvumilie, mwanangu. Tangu anioe, baba yako huyu hajawahi kulala mbali na nyumbani."