Jua kwenye Simu ya Marehemu

Alhamisi ya tarehe tisa wakubwa wa umeme walitukatia, joto linachoma kama tanuri. Nilimwacha mke wangu kitandani, miguu imepooza, nikaenda kuwafokea ofisini kwao. Niliporudi usiku, feni imelala na yeye ameshakata roho. Wamemuua hao, wenye viyoyozi vyao, na nasema kila siku.

Leo binti yangu kafungua simu ya mama yake.

"Baba, hebu ona."

Ni picha: jua linazama, jekundu kama kaa la moto. Sehemu ya chini kuna ukingo wa paa la ghorofa letu, na mguu umekanyaga zege, kidole gumba hakina ukucha. Ni mguu wa mke wangu. Tarehe ni Alhamisi ile.

"Baba, si alikuwa hasimami?"

Ngazi themanini mpaka juu. Nani alimpandisha, na nani alimrudisha kitandani?