Orodha ya Watu wa Nyumbani

"Dada, tunakusubiri wewe tu," mwenzake wa mradi aliandika kwenye skrini. "Endesha jaribio, toleo litoke."

Binti aliirithi kazi hiyo kwa marehemu mama yake: kutunza programu ya bure ya hifadhidata, inayojengwa na watu wa kujitolea. Jaribio lilikuwa la mama. Kabla ya kila toleo jipya kutoka, lilifuta jina moja kwenye orodha, kwa zamu, na kuhakiki kwamba mengine yamebaki salama. Mama alijaza majina ya jamaa zake. "Ya kubuni ya nini," alikuwa akisema, "na nyumba imejaa watu?"

Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa binti kuisoma orodha. Babu, baba, mama. Ndivyo walivyozikwa, kwa mpangilio uleule.

Akafungua kumbukumbu za mabadiliko. Siku mbili kabla ya kufa, mama, aliyekuwa wa mwisho, alibadilishana nafasi na wa tatu.

Wa tatu alikuwa binti.

Pembeni mama aliacha maelezo: "Nimeifuta orodha mara saba. Inarudi. Nafasi tu ndizo zinazokubali kubadilishwa."

Wa nne alikuwa mjukuu wa mama, mwana wa binti. Chumba cha pili, mtoto huyo alikuwa akiimba huku akivaa viatu.

"Umechoka, dada," mwenzake akaandika. "Acha niendeshe mimi."

Binti alikitazama kitufe cha kuendeshea jaribio, kilicholika katikati kwa kidole cha mama.

"Ngoja," akajibu. "Kuna mstari nataka kuurekebisha kwanza."